Uzi: Sheria kali za bunduki hupunguza uhalifu kweli? Tuanze na Mombasa yetu

Mwana_wa_Kibokoni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum nduguzanguni, na hamjambo nyote.

Kila kukitokea wizi wa nguvu Kisauni au Likoni, mazungumzo barazani huishia pale pale. Mmoja asema serikali ikaze sheria ya bunduki. Mwengine amjibu kwamba mwizi hasomi sheria, heri raia mwema apewe bastola ajilinde. Mimi naona wote wawili waruka jambo lililo mbele ya macho yetu: wanaotutia hofu hapa mjini, wengi wao hawana bunduki. Wana mapanga.

Kumbukeni Wakali Kwanza, Wakali Wao na makundi mengine kama hayo. Vijana, wengine hata kitambulisho hawajachukua, huja kikundi kizima, wakasomba simu na pesa za dukani, na hukata mtu hata kama ametoa kila kitu. Kwa nini panga? Kwa sababu panga lauzwa duka lolote la vifaa Mwembe Tayari, na ukikutwa nalo waweza kusema watoka shamba. Bastola haramu ni ghali, risasi zake ni za kutafutwa, na ukishikwa nayo huna la kujitetea. Ugumu huo haukuja wenyewe. Umeletwa na sheria.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, ya mwaka 1954. Iliwekwa na mkoloni wakati wa hali ya hatari, na nia yake haikuwa kumlinda mwenyeji. Hata hivyo tumeirithi, tumeirekebisha mara kadhaa, na msingi wake umebaki: bunduki haipatikani ila kwa cheti, cheti hakitoki ila kwa sababu inayokubalika, na Bodi ya Leseni za Silaha yaweza kukunyang'anya cheti hicho. Katiba yetu ya 2010 haina kifungu kinachompa raia haki ya kumiliki bunduki. Marekani wanayo kwenye Katiba, na ndiyo maana hoja zao nyingi zikiletwa hapa hazikai sawa.

Sasa jibu langu kwa swali. Sheria kali ya bunduki haipunguzi wizi, hapa wala kwengine. Inapunguza maiti. Mwaka 1968 mtafiti Franklin Zimring aliangalia mashambulizi ya Chicago, ya kisu na ya bunduki. Wengi wa washambuliaji hawakuwa wamepanga kuua. Ulikuwa ugomvi wa kilevi, wa majirani, wa mke na mume. Lakini shambulizi la bunduki liliua mara tano hivi kuliko la kisu. Baadaye, yeye na mwenzake wakalinganisha New York na London za miaka ya tisini mwanzo. Wizi ulikaribiana, lakini waliokufa katika wizi New York walikuwa wengi mno kuliko London.

Hilo ndilo nitakalo tulizungumze. Tusiulize tu wizi ni mara ngapi. Tuulize waliorudi nyumbani ni wangapi.

---

Muuza_Vyuma_Nyali

Kaka, nakuheshimu, lakini wewe umezungumza kama mtu asiyekuwa na duka.

Mimi ni mmiliki wa bastola kwa cheti. Mwishoni mwa 2018 serikali ilipoagiza wamiliki wote wahakikiwe upya, nilikwenda. Nilitoa karatasi zangu, nikapimwa, nikaulizwa maswali ya afya ya akili, nambari ya bastola ikalinganishwa na cheti. Sikatai. Lakini niambie, kati ya waliosimama kwenye foleni ile, mwizi alikuwa nani? Aliyenunua yake kichochoroni hakuja. Mwenye cheti ndiye anayehakikiwa kila mara.

Na tukumbuke Westgate, lile jengo la maduka Nairobi lililovamiwa na magaidi Septemba 2013. Walioingia mwanzo kuwatoa watu, kabla vikosi vikubwa havijafika, walikuwemo raia wenye bastola za cheti pamoja na askari wachache. Hoteli ya Dusit, Nairobi, ilipovamiwa Januari 2019, vilevile. Watu wako hai leo kwa sababu raia fulani alikuwa na silaha kiunoni. Hao utawaambia nini?

---

kijana_wa_Mtopanga

Naunga mkono wa Nyali. Huku kwetu ukipiga simu kituo waambiwa gari haina mafuta.

---

Bi_Mlaleo

Mimi nafanya kazi ya uuguzi, zamu za usiku nazijua. Sitataja wapi. Nataka kusema kitu kimoja tu kuhusu alichoandika Mwana wa Kibokoni, kwa sababu nimekiona kwa mikono yangu.

Aliyekatwa panga akiletwa, kidonda nakiona chote. Mara nyingi ni mkono, kwa sababu aliuinua kujikinga, na kichwa au bega. Damu nyingi, kelele nyingi, lakini najua pa kubana. Twabana, twasafisha, daktari anashona. Wengi huondoka wakiwa hai. Sisemi huondoka wazima. Kano za mkono zikikatika, vidole havikunji tena vizuri, na fundi cherehani au dereva wa tuktuk asiyeweza kukunja vidole amepoteza kazi yake.

Aliyepigwa risasi huja na tundu dogo. Ukilitazama waweza kudhani si kitu. Ndani mfupa umesagika, utumbo umetoboka mahali pengi, na damu inamwagikia tumboni ambapo siwezi kubana. Huyo ataka chumba cha upasuaji saa hiyo hiyo, daktari wa upasuaji aliye macho, na damu ya kutosha ya kundi lake. Moja kati ya hayo likikosekana, tumemkosa. Na mnajua wenyewe saa nane za usiku hukosekana mangapi.

Kwa hivyo mtu akiniambia panga na bunduki ni sawa, muuaji ni binadamu, siwezi kumkubalia. Kijana ni yule yule, hasira ni ile ile, lakini mgonjwa nitakayempokea si yule yule.

---

Mwana_wa_Kibokoni

Dada, shukran. Umesema kwa mistari michache nilichokuwa nikikitafuta.

Ndugu wa Nyali, nakujibu kwa heshima, maana swali lako ni la haki. Westgate na Dusit siwezi kuzikana. Waliingia, wakaokoa, Mungu awalipe. Lakini tazama walikuwa ni akina nani: watu waliochujwa, waliofunzwa shabaha, wenye cheti. Yaani ni zao la sheria kali, si ushahidi dhidi yake. Nchi inayogawa bastola kwa kila atakaye haipati watu kama wale. Inapata kila mtu, pamoja na mlevi, na mwenye wivu, na aliyekata tamaa ya maisha.

Huyu wa mwisho twamsahau sana. Marekani mwaka 2021 walikufa kwa bunduki watu karibu 49,000, na zaidi ya nusu walijiua. Hilo haliitwi uhalifu, lakini sheria ya bunduki hulifikia. Mtu aliyepatwa na saa mbaya asipokuwa na bastola droo ya kitanda, mara nyingi saa ile hupita.

Na kuhusu mwizi asiyekuja foleni: kweli haji. Lakini bunduki yake ilitoka wapi? Haikuota mtini. Karibu kila bunduki haramu ilianza ikiwa halali mahali fulani, kiwandani, ghalani, jeshini, kisha ikavuja.

---

Mjomba_Kingorani

Wanangu, kuhusu kuvuja, niwakumbushe jambo ambalo vijana wa humu hawakulishuhudia.

Tarehe 13 Agosti 1997, usiku, wavamizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha karibu na feri. Askari sita waliuawa. Wavamizi wakavunja ghala la silaha, wakabeba bunduki na risasi. Walianza na mapanga, marungu na pinde, wengi wao. Walipotoka pale walikuwa na silaha za serikali, na ndipo mambo yalipokuwa makubwa. Zaidi ya watu mia walikufa majuma yaliyofuata, watu wa bara wakihama na magodoro vichwani, wakilala kanisani. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila, ilikuja ikasikiliza, ikaandika.

Sasa nambieni. Usiku ule sheria ya bunduki ilikuwa kali au legevu? Ilikuwa kali. Cheti cha raia hakikuhusika hata kimoja. Kilichohusika ni mlango wa ghala la serikali, na wanasiasa waliowachochea vijana. Mkizungumza kukaza sheria, zungumzeni na huko.

---

wakili_wa_pwani

Ami Kingorani amegusa penyewe. Niongeze upande wa sheria kidogo.

Sura ya 114 ina kifungu cha 4A kinachomlenga hata mtu mwenye silaha halali ambaye anaikodisha au kumwachia mwengine aitumie kwa uhalifu. Kifungu hicho hakikuwekwa bure. Kesi za maofisa kushtakiwa kwa kukodisha bunduki zimewahi kufika mahakamani. Sheria pia inaigusa bastola bandia: ukiitumia kutenda kosa, huponi kwa kusema ilikuwa ya mchezo.

Lakini hebu tuwe wakweli kuhusu ukali. Wizi wa kutumia nguvu, kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, adhabu iliyoandikwa ni kifo. Ukiwa na silaha ya hatari, au mko zaidi ya mmoja, au umemjeruhi mtu, basi umeingia hapo. Panga linatosha. Yaani kijana anayekata mtu kwa ajili ya simu ya mkononi tayari anakabiliwa na adhabu kali kuliko zote nchini, na bado anakata. Kwa nini? Kwa sababu hategemei kushikwa, na akishikwa anategemea mashahidi wasije. Nimekaa mahakamani nikaona kesi ikianguka kwa sababu aliyekatwa anaishi mtaa mmoja na mama wa mshtakiwa.

Ukali wa adhabu ni kitu kimoja. Uhakika wa kushikwa ni kitu chengine. Huo wa pili ndio unaomrudisha mtu nyuma.

---

kijana_wa_Mtopanga

Wakili, wengine hawafiki hata mahakamani. Hupigwa risasi na askari usiku, asubuhi twaambiwa alikuwa amejihami. Hiyo nayo ni bunduki, na hiyo nayo ina leseni. Mbona haimo kwenye uzi?

---

Mwana_wa_Kibokoni

Imo, kijana wangu, na umefanya vyema kuileta. Mji huu umeona mengi. Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi barabarani Agosti 2012. Mhubiri mwenzake Abubaker Shariff, tuliyemjua kwa jina la Makaburi, Aprili 2014, nje ya mahakama ya Shanzu. Aliyewaua hajahukumiwa mpaka leo. Kabla ya kifo cha Makaburi, Machi 2014, watu wenye bunduki waliingia kanisa la Likoni Jumapili wakawaua waumini, na mtoto mdogo akabaki na risasi kichwani. Unaweza kuchukia mawaidha ya mmoja na kumlilia mwengine, lakini risasi zote hizo zilipita katika mji ambao raia wa kawaida haruhusiwi hata kuokota ganda la risasi.

Ndiyo maana nasema sheria isiyofika ghalani ni nusu ya sheria. Afrika Kusini wana funzo kubwa hapa. Walipitisha sheria mpya ya silaha mwaka 2000, ikaanza kufanya kazi kamili 2004. Vifo vya risasi vikapungua kwa miaka mingi. Kisha vikapanda tena, na moja ya sababu ilikuja kujulikana mahakamani: kanali wa polisi, Chris Prinsloo, alikuwa akiuza bunduki zilizokusanywa ili ziharibiwe. Kama 2,000 hivi ziliishia mikononi mwa magenge ya Cape Town. Alihukumiwa mwaka 2016, miaka 18. Raia walisalimisha silaha zao kwa kuamini sheria, na silaha zile zile zikarudi kuua watoto wao.

Jamaica nao. Waliunda mahakama maalumu ya bunduki mwaka 1974, kali kupita kiasi, na kwa miongo kadhaa walibaki miongoni mwa nchi zenye mauaji mengi duniani. Kisiwa kimezungukwa na bahari, na bunduki zatoka Marekani ndani ya mapipa na makontena. Sisi wa Mombasa tunaoishi na bandari hatuhitaji kuelezwa kontena ni nini.

---

Muuza_Vyuma_Nyali

Sasa hapo umenipa hoja mimi. Kama Jamaica ilishindwa, Uingereza je? Walipiga marufuku bastola 1997, baada ya yale mauaji ya watoto wa shule Dunblane. Miaka iliyofuata uhalifu wa bastola ulipanda, haukushuka. Na leo London ni visu.

---

Mwana_wa_Kibokoni

Ulipanda, ndiyo, kwa miaka mitano sita hivi, kisha ukashuka. Bastola zilizotumika hazikuwa zile za wanachama wa klabu za shabaha waliozisalimisha. Zilikuwa za magendo, na nyengine bandia zilizotobolewa. Kwa hiyo marufuku ile peke yake haikuwagusa wahalifu, nakubaliana nawe kabisa. Lakini shule nyengine ya Uingereza haijapatwa tena na lile la Dunblane. Walikufa watoto kumi na sita na mwalimu wao, asubuhi moja.

Australia ndio walikwenda mbali zaidi. Port Arthur, Aprili 1996, watu 35. Serikali ya John Howard, ambayo ilikuwa ya mrengo wa kulia, ikakubaliana na majimbo yote, ikanunua na kuharibu bunduki kama 650,000. Wako wataalamu wanaosema vifo vya risasi vilikuwa vikishuka tangu kabla, na ni kweli vilikuwa vikishuka. Lakini hesabu ya waliojiua kwa bunduki ilishuka kwa kasi zaidi baadaye, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakukutokea shambulio la ukubwa ule.

Na kuna mfano nao naupenda kwa sababu ni mdogo na wa kawaida. Jimbo la Missouri lilikuwa na sheria kwamba anayetaka bastola apite kwanza kwa mkuu wa polisi wa wilaya apate kibali. Mwaka 2007 wakaifuta. Watafiti wa Johns Hopkins walipofuatilia, mauaji ya bunduki yalikuwa yamepanda. Connecticut walifanya kinyume mwaka 1995, wakaweka kibali, na yakashuka. Si marufuku. Ni kumfanya mtu aende ofisini, aonekane uso, akaguliwe. Yaani foleni ile ile uliyosimama wewe.

---

Mtu_wa_Garsen

Nimesoma tangu juu. Nyinyi watu wa kisiwani mnazungumza vizuri, lakini ukivuka Malindi kuja huku Tana mambo hubadilika.

Agosti 2012, katika ugomvi wa wafugaji na wakulima, kijiji cha Riketa, alfajiri moja, zaidi ya watu 50 waliuawa. Wengi wanawake na watoto. Kwa mapanga na mikuki, na nyumba zikachomwa. Kwa hivyo Bi Mlaleo, nakuheshimu kwa kazi yako, lakini huku panga limeua kijiji. Baadaye serikali ikaja kukusanya silaha. Ukikusanya upande huu kabla ya ule, umeuacha upande huu uchi. Kila mtu anangoja mwenzake aanze. Hakuna anayeficha bunduki kwa kuwa aipenda. Aficha kwa sababu askari wa karibu yuko mbali, na ng'ombe wako hapa.

---

Bi_Mlaleo

Ndugu yangu wa Garsen, Mungu awarehemu. Sina la kubisha.

---

Mwana_wa_Kibokoni

Nami sibishi, ila natenganisha. Kundi la mamia lililopangwa likivamia kijiji kilicholala, halihitaji bunduki. Hapo sheria ya silaha si dawa. Dawa ni ardhi, maji, malisho, na askari anayefika mapema. Mimi nilikuwa nazungumzia mtu mmoja au watatu na hasira yao, gizani Bakarani. Huko Tana swali ni jengine, na mtu asiyehakikishiwa usalama hawezi kulaumiwa kwa kuogopa kusalimisha.

Hata hivyo hesabu zatuambia ukubwa wa mzigo. Kadirio la mwaka 2017 la watafiti wa silaha wa Small Arms Survey liliweka bunduki zilizo mikononi mwa raia Kenya kuwa kama 750,000, na zilizoandikishwa ni sehemu ndogo sana ya hizo. Novemba 2016 serikali ilichoma zaidi ya 5,000 pale Ngong mbele ya kamera. Ni jambo jema, lakini pigeni hesabu wenyewe.

Basi nikiulizwa tukaze wapi, nasema si kwa ndugu wa Nyali. Yeye amekazwa ya kutosha. Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo nchi yetu ilitia saini, yataka kila bunduki ya dola ipigwe alama na iandikwe kwenye daftari. Nataka daftari hilo likaguliwe na mtu asiye polisi. Kila kituo, kila ghala, bunduki kwa nambari yake, risasi kwa idadi yake, nani alichukua, alirudisha saa ngapi. IPOA ina mamlaka kwa sheria ya 2011 kuangalia polisi, basi wapewe watu na pesa wafanye ukaguzi wa kushtukiza. Risasi ikiokotwa Kisauni, ijulikane ilitoka ghala gani.

Na vijana wa mapanga watafutiwe njia yao, kwa sababu hakuna sheria ya bunduki itakayowafikia. Hapo nasimama na wazazi wa Mtopanga kuliko na mtu yeyote.

---

Mjomba_Kingorani

Daftari likaguliwe na mtu asiye polisi. Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili.

---

Muuza_Vyuma_Nyali

Hapo tuko pamoja. Lakini bastola yangu siiachi.

---

mgeni_2291

Swali kwa wakili. Mtu aliyerithi bunduki ya zamani kwa marehemu mzee wake, haina cheti, na anaogopa kuipeleka kituoni asije akashikwa yeye. Afanye nini?

---

wakili_wa_pwani

Asiibebe kwenda nayo popote, asiifyatue kuijaribu, na asiifukie. Kuwa nayo bila cheti ni kosa hata kama ni urithi, kwa hivyo hatua ya kwanza ni kumuona wakili kabla ya kufika kituoni. Wakili huandika barua kueleza ilikotoka, akiambatisha cheti cha kifo cha marehemu na ile leseni ya zamani kama ilikuwapo, kisha hupangwa siku ya kusalimisha, askari waifuate ilipo. Serikali hutangaza vipindi vya msamaha mara kwa mara, na kikiwepo basi ni rahisi zaidi. Asisahau kudai karatasi ya kupokelewa yenye nambari ya bunduki, saini na tarehe, na nakala abaki nayo yeye.